Mishipa ya Deo na Miaka Iliyokwenda

Nakumbuka asubuhi moja tukishuka na matenga ya kabichi kutoka Mgeta, mume wangu Deo akaketi ghafla kando ya njia, uso umemkunjamana. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Nilijua anaumwa nini: korodani yake ya kushoto ilikuwa na mishipa iliyovimba na kujisokota kama nyuzi zilizokorogeka.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Hayo mambo ya wanaume, Yuliana. Usiyaingilie." Akainuka, akabeba tenga lake.

Kijana wangu, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi na mtoto akikosekana, anayehojiwa ni ukoo wa mama. Mjomba wangu, mwangalizi wa shamba la bibi, alinizungusha kwa waganga, nikanywa dawa chungu mpaka nikatapika. Shamba lile lilikuwa linaningoja nizae wa kulirithi. Deo hakuulizwa na mtu. Aliketi palepale kwenye kikao cha ukoo nilipohojiwa, anajua anachokijua, akanyamaza. Hilo sijamsamehe, na amekwisha kufa.

Ikaja enzi ya ruksa. Biashara zikafunguka, Deo akawa anauza mitumba Dumila, na hukohuko akinunua vidonge vya nguvu za kiume kwa wachuuzi, kana kwamba nguvu ndizo zilizopungua! Alipokubali kwenda hospitali mjini alikuwa ameshapita miaka arobaini na tano, maumivu yamemshinda, nami uzazi unaniaga.

Walimpima, wakakuta mishipa ile imepunguza mbegu zake; akapasuliwa, maumivu yakaisha. Tukasubiri miezi, akapimwa tena, mbegu bado chache mno. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," alianza. "Wapo wa umri wako, mzee, wanaopata mtoto baada ya upasuaji huu. Wengine hawapati. Mngekuja mapema, matumaini yangekuwa makubwa zaidi, maana na mama naye umri umekwenda. Mbona mlichelewa?"

Deo akanigeukia mimi, ati nijibu. Nikatoka nje nikamwacha na swali lake.

Shamba likaenda kwa binti wa mama yangu mdogo. Mjomba akaniambia pole, kisha akaenda kumwonyesha mipaka.

Basi wewe kijana unayejiandaa kuoa, sikiliza. Ukiona uvimbe huko chini au uzito usioeleweka, nenda ukapimwe sasa, si utakapokuwa na mvi. Si kila mwenye mishipa hiyo hukosa mtoto, na kisu hakimwahidi mtu chochote, ila kuchelewa kunakula miaka yako na ya mkeo pamoja. Mtoto akichelewa, mwende nyote wawili. Na wazee wakimkalisha mkeo kikao, simama useme, "Nami nipimwe." Aibu yake ni ya siku hiyo tu. Yangu nimelala nayo maisha yangu yote.

Mungu akujalie uitwe baba ungali na nguvu za kumbeba mtoto begani, na mkeo asije akazeeka na hasira kama hii yangu.