Siku Tuliyobebwa na Lori la Mbuzi

Harufu ya mbuzi ikichanganyika na dizeli bado hunifanya nitabasamu, hata ninapokuwa njiani kwenda kazini na nguo zangu safi. Hunirudisha Kithimani, kwenye boma la mbuzi la Mzee Abdi, ambako wazazi wangu walikuwa wakikabidhiana watoto.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alipoachishwa kazi alitaka sote turudi Kivaa tukalime. Mama, aliyekuwa na cherehani yake Mumbuni, akakataa. Maneno yakazidi, na mwishowe kila mmoja akabaki na mtoto: mimi, Mutheu, kwa Mama, mdogo wangu Mwende kwa Baba. Shule zikifungwa Mwende alikuja kwetu, na zikikaribia kufunguliwa tulimrudisha hadi Kithimani, katikati ya safari. Mzee Abdi, Msomali aliyemfahamu Baba tangu ujana, ndiye aliyekuwa posta yao.

"Mwambie huyo mtu Mwende amekuwa akikohoa," Mama alisema safari moja.

Baba alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Mzee Abdi akamgeukia kwa heshima zote. "Baba Mwende, mtoto amekuwa akikohoa."

"Mwambie nimesikia."

Mwisho wa likizo moja ya mwezi wa nane, tukiwa bomani kwa Mzee Abdi, Mwende alininong'oneza kwamba harudi Kivaa. Tukapanga kujificha mpaka wazazi wachoke kututafuta, kisha twende nyumbani sote wanne. Tukapanda lori lililokuwa limeshusha mbuzi, tukajifunika turubai. Hatukujua kwamba dereva alikuwa anamalizia chai yake ili arudi Garissa, wala kwamba mama mmoja muuza ndizi alikuwa ametuona.

Lori liliponguruma tulicheka. Tulipoiona Matuu ikipita, kicheko kikaisha. Niligonga ubao nyuma ya dereva, lakini redio yake ilikuwa juu. Kisha pipa la maji likakata kamba, likaanza kubingirika huku na huku kila lori lilipoyumba. Nilimsukuma Mwende kwenye kona nikamkinga kwa mgongo wangu. Pipa likanigonga nyonga. Mwende alikuwa anaomba kwa Kikamba, sala ya kubariki chakula, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua yote.

Karibu na Kanyonyoo nilisikia honi nyuma yetu, ndefu, isiyokoma. Nikachungulia kati ya mbao. Ilikuwa pikapu ya Mzee Abdi. Baba alikuwa amejitoa nusu mwili dirishani, anapunga kitambaa cha kichwa cha Mama, na nyuma yake Mama, kichwa wazi, amemshika mshipi kwa mikono miwili.

Lori likasimama. Mama alipanda wa kwanza, sketi ikachanika, nikajua leo tutachapwa. Hakuchapa mtu. Alitupapasa vichwa, mikono, miguu. Ndipo Baba akamwambia, yeye mwenyewe, "Kaa chini, Mama Mutheu. Unatetemeka."

"Na wewe pia," Mama akamjibu.

Mzee Abdi akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kuzungumza na dereva, kule mbali.

Tulikula chapati Matuu, sote kwenye benchi moja. Mwende hakurudi Kivaa siku hiyo. Krismasi Baba alikuja Mumbuni na gunia la ndengu, akakaa.

Kwa miaka mingi mimi na Mwende tulijisifu kwamba tuliwapatanisha, kwamba hofu iliwalainisha mioyo. Nilipokuwa nimeolewa, na nimeshajua kununa kwa wiki nzima ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nilimwuliza Mama waliambiana nini ndani ya ile pikapu.

"Tuligombana," akasema. "Kutoka Kithimani mpaka Kanyonyoo. Yote tuliyokuwa tumeyanyamazia miaka miwili tuliyasema, na mzee wa watu anaendesha kama hasikii."

Nikamwuliza kama hakuona aibu.

"Aibu ya nini? Tulipoliona lori nilikuwa nimemaliza yote ya kumlaumu. Nilibaki tu kuogopa asianguke."