Jiko Lisilo na Mahali pa Mguu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huzaliwa na miguu ya barabara. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Sekondari niliyosoma kwa mapadri ilinipa mwandiko mzuri na uvivu wa kutembea, na vyote viwili vilinifaa sana miaka ile ya hamsini, nilipokuwa karani kwenye palantasio, shamba kubwa la Wazungu la pareto, juu ya vilima vya Masisi. Kazi yangu ilikuwa kuandika uzito wa maua makavu, kisha kurudi kwangu kabla ukungu haujashuka. Ukipiga chafya ofisini, nyumbani kwangu walisikia. Kupita hapo sikuona sababu ya kwenda.

Ndiyo maana neno lililotoka Walikale lilinitisha kuliko homa. Mke wangu, mtoto wa msituni, alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Mama yake akamtuma mchuuzi wa mafuta ya mawese atuambie hivi: "Nasikia mutoto wangu analia na moshi kila siku. Kuni za kule ku milima ziko na maji kuliko mito yetu. Nakuja kuona. Kama ni kweli, namuchukua, azalie kwetu."

Nikamtazama mke wangu. "Unalia kila siku?"

"Nililia siku moja, Papa," akasema, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao. "Kuni zilikuwa mbichi. Njo ile siku yenyewe mchuuzi alipita."

Siku moja! Lakini maneno yakishuka kutoka Masisi mpaka Walikale yananenepa njiani. Na kwao, binti akienda kuzalia kwa mama yake, harudishwi kama barua. Mume ndiye humfuata, kwa miguu yake mwenyewe, na hukaa huko akitazamwa na wakwe mpaka wachoke kumtazama. Mimi, Walikale! Kushuka milima yote ile, kuvuka mito juu ya magogo yenye utelezi, kulala na siafu! Wanaume wengine walipoomba mtoto wa kiume au pacha, mimi nilimwomba Mungu jambo moja tu: mke wangu azalie hapa, nisitoke.

Nikawaza kama mtu aliyesoma, yaani vibaya. Shitaka ni moshi. Nikiondoa moshi, kesi imekwisha. Nyumbani kwa Madamu, mke wa Mzungu mwenye palantasio, nilikuwa nimeona, kupitia dirishani, jiko la gazi. Lilitoa moto wa buluu, bila kuni, bila masizi, na mpishi wake alisimama mbele yake kama padri mbele ya altare. Lilikuwa na mioto miwili. Nikasema moyoni: mimi nitachukua lenye zaidi.

Dereva wa kamioni iliyoteremsha pareto Goma akaniletea katalogi ya duka moja la huko. Majuma mazima niliisoma baada ya chakula, miguu kwenye kigoda, kwa makini ambayo sikuwahi kuipa Injili. Lilikuwapo jiko la moto mmoja. Nikalidharau, hilo ni la mseja anayechemsha yai lake akilia. Lilikuwapo la mioto miwili, la kijani. Rangi ya chura. Lilikuwapo jingine la mioto mitatu, na huo wa tatu mdogo kama kidonda. Mwishoni kabisa, ukurasa mzima peke yake, alikaa malkia: mweupe kama sahani ya askofu, mioto minne, vifungo vinavyong'aa, kifuniko cha kufunga juu usiku kama piano. Picha ilionyesha mwanamke wa Kizungu akilitazama na kucheka. Hakuna chungu popote, hakuna chakula, lakini anacheka. Sikujiuliza anacheka nini. Sasa najua.

Mke wangu alinichungulia begani. "Papa, unachagua jiko ao unachagua bibi wa pili?"

"Tazama hivi vifungo."

"Naviona. Na jiko hii inapika nini?"

"Inapika vyote."

"Ata bugali?"

"Imeandikwa hapa: vyakula vyote."

"Ile kitabu ilishakula bugali?"

Nikamwambia kwamba mambo ya ufundi yanahitaji masomo. Yeye akaenda zake jikoni, kile kibanda cha nyuma ya nyumba, na nikamsikia akicheka peke yake kati ya mafiga matatu. Fedha niliyokuwa nikiweka kwa ajili ya baiskeli ikaenda yote kwa malkia. Haikuniuma. Baiskeli ya nini kwa mtu kama mimi?

Jiko lilifika juu ya magunia, pamoja na chupa yake ya chuma, nene kama nguruwe. "Karani," dereva akasema akiteremsha, "hii bomu unataka kumutupia nani?" Nikamjibu kwa Kifaransa ili ajue anazungumza na nani. Akacheka zaidi.

Kitu cha heshima namna ile hakikai kibandani. Nilimwita seremala atengeneze meza ndefu, maana katika picha lilikuwa juu, usawa wa kifua cha yule mwanamke. Nikalisimamisha sebuleni, kati ya viti na picha ya Bikira Maria, mahali ambapo mgeni angegongana nalo kabla ya kunisalimu. Nikapika chai: maji yakachemka mara moja. Nikapika yai. Nikapika yai jingine. Na jioni mke wangu aliweka mbele yangu bugali laini, moto, nami nikala nikisema: "Unaona? Bugali ya gazi haina harufu ya moshi. Tumbo lenyewe linatambua."

"Linatambua, Papa," akasema, macho chini.

Kumbe bugali hiyo ilikuwa ikipikwa kibandani nikiwa ofisini, juu ya mafiga yaleyale, kwa kuni zilezile. Tumbo langu lililosoma halikutambua kitu.

Habari ikaja kwamba mama mkwe amefika Masisi mjini, kesho yuko kwetu. Nikaingia kibandani, nikayang'oa mafiga matatu na kuyabingirisha mtaroni, chini ya nyumba.

"Papa, acha mafiga!" mke wangu akapiga kelele.

"Mafiga ni ushahidi."

"Ushahidi ya nini?"

"Ya moshi."

Akashika tumbo lake, akacheka hadi akaegemea ukuta. Nilidhani ni mimba.

Mama mkwe alifika kesho yake, kapu mgongoni, kamba ya kapu kwenye paji la uso, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu anayepasua kuni. Kwao na kwetu, mkwe mwanamume na mama mkwe hawasogeleani wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na kwa maoni yangu ni hekima. Kwa hiyo mimi nilikaa nyuma ya mkeka ulioning'inizwa katikati ya sebule. Tulisikilizana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupita kwa mke wangu kwanza, kana kwamba mkeka ni Mto Kongo.

"Mutoto," nikamsikia, "nimeleta nyama ya msitu. Iko wapi moshi, nitundike?"

"Moshi haiko, Mama. Bwana ameondoa."

"Ameondoa moshi." Nikasikia kapu likitua sakafuni. "Umuulize: nyama hii nitundike wapi? Ku shingo yake?"

Mke wangu akageukia mkeka. "Papa, Mama anauliza..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie si yeye aliyelalamika juu ya moshi?"

"Umuambie bwana yako," mama akasema kabla ya kuambiwa, "nililalamika na moshi ya ku macho. Ya ku nyama sikulalamika. Mutu aliyesoma hawezi kujua macho na nyama?"

Nikaagiza bugali ipikwe. Jiko lingejibu kwa niaba yangu. Kiberiti kikawashwa, gazi ikafanya *sssss*.

"Ehe! Ndani iko nyoka!"

"Njo gazi, Mama. Usiogope."

"Siogopi nyoka. Nashangala anayeifungia mu nyumba na mwanamuke ya mimba."

Maji yakachemka upesi, na nyuma ya mkeka nilijipongeza kwa kutikisa kichwa. Unga ukaingia. Mwiko ukaingia. Hapo nikasikia sauti ambayo katalogi haikuitaja: chungu kikizunguka juu ya chuma, *krrr*, kikirudi, *krrr*.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila msichana wa nchi yetu anajua akiwa bado na meno ya maziwa. Bugali haikorogwi, bugali inapigwa vita. Mwanamke hukaa kwenye kigoda, hushika chungu kwa miguu yake miwili, na mgongo wote huingia katika mwiko. Bila mguu hakuna bugali, kuna uji wenye mabonge. Nami katika majuma yale yote nilikagua rangi, nikakagua vifungo, nikakagua kifuniko cha piano, lakini sikujiuliza hata mara moja mguu utakaa wapi.

"Shika na muguu!" mama akasema.

"Muguu utafika wapi, Mama? Meza iko ku kifua!"

"Toka. Leta mwiko."

Nikasikia kiti kikiburutwa, kiti changu mimi, na mama mkwe akipanda juu yake. Akaanza kupiga. Meza ikaanza kutembea. Nilichungulia kando ya mkeka: malkia mwenye mioto minne alikuwa akisogea ukingoni kwa kila pigo la mwiko, mpira wa gazi umenyooka kama kamba ya mbuzi, na upande ule ule aliokuwa akielekea, mke wangu amesimama na tumbo lake.

Miguu hii ambayo haijawahi kukimbia ikakimbia. Mkeka ukaanguka nami. Niliizuia meza kwa tumbo, nikakamata chungu kwa mikono ya koti langu la ofisini, nikajikuta pua kwa pua na mama mkwe wangu, mvuke kati yetu. Nilitaka kuachia na kufunika uso. Yeye ndiye aliyesema, moja kwa moja kwangu, bila mtu wa kati, maneno yake ya kwanza tangu nimuoe binti yake:

"Mukwe! Shika chungu!"

Nikashika.

"Usiniangalie miye. Angalia bugali."

Nikaangalia bugali. Akapiga, nikacheza nayo kushoto na kulia kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa, mikono ya koti ikinuka kuungua, na mke wangu akicheka mpaka akakaa chini sakafuni, nikaogopa mtoto atazaliwa hapohapo na kunikuta katika hali ile. Bugali ikaiva. Ilikuwa nzuri sana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya kula, mama akazima nyoka, akafuta mikono. Mkeka ulikuwa bado chini, na hakuna aliyejisumbua kuuinua. Nikangoja hukumu nikiwaza magogo na siafu.

"Nilikuja kumuchukua mutoto," akasema, sasa akiutazama ukuta, kwa heshima. "Lakini nikimuchukua, huyu bwana atabaki peke yake na kitu hii, atawaka na nyumba. Na mu njia ya Walikale atakufa mbele ya kufika. Mutu anayekimbia hatua tatu na kuhema vile! Basi. Atazalia hapa." Nikashukuru Mungu, mapema mno. "Na miye nitabaki hapa, nimuchunge. Mukwe, mafiga uliyatupa wapi?"

Niliyapandisha kutoka mtaroni moja baada ya jingine, nimeyakumbatia kifuani, yeye akiwa juu ananionyesha mahali pa kupita. Moshi ukarudi kibandani, nyama ya msitu ikatundikwa, na binti yetu akazaliwa hapo Masisi, macho makavu, akilia kwa sababu zake mwenyewe.

Chupa ya gazi ilipokwisha hakuna aliyeuliza. Malkia alibaki sebuleni na kifuniko chake, juu yake tumbaku ya mama mkwe na nguo za mtoto. Wageni wakiuliza ni nini, mama mkwe alijibu kabla yangu: "Njo jiko ya mukwe wangu. Inapika maneno."

Mtoto akaota meno, akatambaa, akatembea, na mama mkwe bado alikuwa akinichunga kutoka kiti changu. Walikale sijaiona mpaka leo. Konokono aliomba asitoke nyumbani. Akasikilizwa, akaletewa mtu wa kukaa naye ndani ya ganda.