Maji ya Mzee Byamungu

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha pale pale. Nimepita sokoni Mulongwe asubuhi, nikakuta mezani chupa ndogo zenye karatasi: "Maji ya laboratware, inaponyesha kila ugonjwa." Eti maji ya maabara! Nimeuliza yanatoka wapi, nikatajiwa jina lako. Jina lako weye, niliyekufundisha mwenyewe kushika mrija wa kioo! Rudisha hiyo soda yako, siinywi. Kaa chini unisikilize.

Uhuru ulipofika, daktari mzungu wa hospitali yetu alifunga mizigo akavuka mpaka, hakurudi tena. Alituachia mtambo wa kukeneka maji, yaani kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake, ambao kioo chake kilikuwa kimepasuka. Barua tulizoandika Ulaya kuomba mwingine hazikujibiwa. Mimi nilikuwa laborantini wa pekee, mpimaji wa maabara, kijana wa koti jeupe na nywele za kuchanwa upande mmoja, lakini bila maji yaliyokenekwa sikuwa na kazi. Unajua mwenyewe, maji ya ziwa yana chumvi yake. Ukichanganya nayo rangi ya kupaka damu, malaria hutaiona hata ukodoe macho kwenye darubini kutwa.

Aliyetuokoa ni Mzee Byamungu, fundi wa shaba wa Kalundu, aliyezoea kuziba mabomba ya meli bandarini. Alikuja akaupima kwa kamba ule mtambo uliopasuka, na baada ya wiki mbili akaleta wa kwake: chungu cha shaba kilichopakwa bati ndani, na bomba lililokunjwa duara duara na kuzama kwenye pipa la maji baridi. Mvuke uliingia huku, maji yakatoka kule tone kwa tone, safi kuliko yale ya mzungu. Baadaye akatutengenezea vichujio na vishikio vya mirija. Zahanati za huko Bwegera hadi Kamanyola zikawa zinaagiza kwake. Kiwanda chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati na mfuko wa kuvukutia moto. Hakuna popote alipoandikwa mtu huyu, na hilo nalo linaniuma.

Mzee alikuwa na desturi moja iliyoniudhi. Hakumwachia mtu chombo mpaka mtu huyo aweke mkono juu yake, aseme kwa sauti kazi ya chombo na mahali kazi hiyo inapoishia. Siku alipotukabidhi mtambo, mbele ya wauguzi akaniambia, "Weye, sema kwanza." Nikanong'ona kama mtu anayeungama, "Inatoa chumvi na uchafu mu maji. Haiponyeshe muntu." Wauguzi wakacheka, na mimi nikaona nimedhalilishwa na fundi wa mabomba.

Kisha ikaja vita ya waasi. Walipouchukua mji, wapiganaji wao walikuwa wananyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Mchana mmoja kikundi chao kilisimama dirishani kwangu kutazama yale matone. Wakauliza ni maji gani. Nami niliyependa kutazamwa nikajibu, "Hii maji iko safi kabisa. Hakuna kitu inaweza kuingia ndani yake."

Nilijua walichosikia: kwamba hata risasi haiingii. Nilikiona machoni mwao, na sikuwasahihisha. Kesho yake walipanga mstari na chupa zao. Usiniambie kwamba nilishikiwa bunduki. Kisingizio hicho nimekitumia miaka mingi, na ni uongo mtupu: siku ile hakuna aliyenitisha.

Siku ya tatu akaja Sadiki, mtoto wa mwisho wa Mzee Byamungu, ambaye alikuwa ameacha kazi ya baba yake na kuwafuata wapiganaji. Akaniita kaka mbele ya wenzake, akauliza, "Yaya, weye unajua mambo ya maji. Ni kweli hii maji ya mutambo ya papa yangu inazuiaka risasi?"

Neno moja tu lingetosha. Wenzake walikuwa wananitazama kama mganga mkuu, nami nikajaza chupa, nikaifunga, nikampa. "Enda nayo," nikasema.

Mzee alipopata habari alikuja na masizi mikononi. "Ulimwambia nini mutoto wangu?" Nikainamia mirija yangu. Akaondoka kwa miguu kuifuata barabara ya bonde. Alifika Bwegera, akakutana na waliokuwa wanarudi na majeruhi kutoka Kamanyola. Sadiki hakuwa kati yao. Walimpa baba yake ile chupa, maji yakiwa bado nusu.

Baada ya matanga bomba la mtambo likaanza kuvuja. Niliona haya kumwita, lakini alisikia akaja mwenyewe. Akaliziba taratibu, wapiganaji wakiwa mlangoni na chupa zao. Alipomaliza akanishika mkono, akauweka juu ya shaba.

"Sema."

Nikanong'ona kama mwanzo.

"Kwa nguvu. Wale wasikie."

"Inatoa chumvi na uchafu mu maji," nikapaza sauti. "Haiponyeshe muntu. Haizuie risasi!"

Mpiganaji mmoja akanizaba kofi, na pengo hili unaloliona ndilo kofi lile. Wengine wakanitukana. Lakini kijana mmoja aliweka chupa yake chini, akaenda zake upande wa nyumbani kwao. Mzee Byamungu akakusanya zana zake. "Ungesema ile siku," akaniambia, akaondoka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akikuuliza chombo chako kinaweza nini, mwambie na kisichoweza, hata kama sifa zinakuishia hapo hapo. Anayekuamini hana pa kupima maneno yako isipokuwa mwilini mwake. Leo hii kuna mama pale Mulongwe ameacha kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu ya karatasi yako.

Nenda ukazikusanye chupa zote. Lakini kwanza, mtambo ule wa Mzee uko pale pembeni. Weka mkono juu yake useme, nami nisikie.

Mungu akupe mdomo wa kusema kweli mapema. Na kila aliyeyanywa maji yako, Mungu amrudishe kwa mama yake akiwa mzima.