Mikono Miwili ya Sindano

Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kila mtu, kuanzia mkuu wa chuo mpaka wapishi wa kantini, alimwita Mama Kipenga, na wala hakuwa na mtoto aitwaye Kipenga, wala mwingine yeyote. Mtoto wake alikuwa timu ya mpira ya wasichana wa chuo, na mtoto huyo alimlea miaka ishirini na miwili.

Timu yenyewe alikabidhiwa kwa mzaha. Alikuwa mwalimu kijana wa hisabati, mgeni hata wiki tatu hajamaliza, pale mtu alipouliza kwenye kikao nani atawafundisha wasichana mpira. Walimu wanaume wote wakaanza kutafuta kalamu zao chini ya meza. Yeye alichelewa kuinama. Basi, akawa kocha.

Mechi ya kwanza walipigwa tisa bila, na la tisa walijifunga wenyewe. Watazamaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka zaidi msichana akianguka. "Mwacheni, anataka kubembelezwa huyo!" Matokeo yake wasichana wakawa hawaanguki tena. Anayeumia anameza maumivu, anachechemea mpaka filimbi ya mwisho, na msimu ulipokwisha wawili walikuwa wameharibika kabisa, mmoja kifundo, mmoja nyonga. Mama Kipenga alikwenda kuwaona wote wawili, akarudi nyumbani, akatunga sheria.

"Ukiumia," aliwaambia msimu uliofuata, "usilale chini wala usimwite mtu. Nyoosha mkono. Mkono mmoja maana yake nimeumia ila naweza. Mikono miwili maana yake nitoe. Nikiiona mikono miwili nakutoa papo hapo, hata iwe fainali, hata uwe umebaki wewe na goli tupu. Na hakuna atakayekuuliza kitu."

Usiidharau sheria hiyo. Makocha wengine walikuwa na viwanja vizuri na mabasi ya timu. Yeye alikuwa na mikono ya wasichana wake na neno lake. Msichana anayejua kwamba akitaka kutoka atatolewa hachezi kwa woga. Anaingia mzima mzima. Na mama zao, ambao hapo awali waliona mpira ni uhuni, wakaanza kuwaleta mabinti wenyewe, wamewashika mkono. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyenyoosha mikono miwili akaachwa uwanjani. Makombe yakaja, moja, mawili, manne, mpaka yakafika kumi na moja na kabati la ofisini likakosa nafasi, mengine yakawekwa juu yake pamoja na mipira iliyotoboka.

Sindano aliletwa na bibi yake. Walimpa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa namna alivyopita katikati ya mabeki wawili pasipo na nafasi ya kupita. Alipata mojawapo ya nafasi ishirini za ufadhili ambazo chuo kiliwapa wachezaji, maana bila ufadhili asingeuona mlango wa darasa. Bibi alimsimamisha mjukuu mbele ya meza ya kocha kama mtu anayekabidhi mzigo stendi.

"Nakukabidhi akiwa mzima, mwalimu. Utanirudishia akiwa mzima."

"Usiwe na wasiwasi, bibi," alisema Mama Kipenga, kwa sababu wakati huo ilikuwa kweli.

Sasa njoo kwenye fainali. Dakika ya themanini na moja, mabao ni moja kwa moja. Mama Kipenga alikuwa amebakiwa na badiliko moja, na mchezaji mmoja tu wa mbele kwenye benchi, binti mwenye moyo wa dhahabu na miguu ya meza. Mpira ulikuwa upande wa pili. Msaidizi wake, aliyewahi kuwa nahodha wake, alikuwa ameinama anafunga gidamu za viatu vya binti huyo, kwa tahadhari tu. Uwanja mzima ulikuwa unatazama kona inayopigwa kule. Na huku, karibu na mstari wa katikati, Sindano alisimama kwa mguu mmoja, akamtazama kocha wake, akanyoosha mikono yote miwili.

Mama Kipenga aliiona. Wacha niseme wazi nisije nikaambiwa nimemsingizia: aliiona sawasawa, kama unavyoona mkono wako. Akahesabu kichwani, mwalimu wa hisabati haachi kuhesabu. Dakika tisa. Akainamisha macho, akaangalia saa. Akaendelea kuiangalia ile saa. Alipoinua uso, mikono ilikuwa imeshashuka.

Dakika tatu baadaye Sindano akapokea mpira, akapita katikati ya wawili, akafunga. Mguu aliotua nao haukumpokea. Sauti ya goti ilisikika mpaka kwenye benchi.

Kombe la kumi na mbili. Magazeti yaliandika kwamba binti amejitoa mhanga. Mkuu wa chuo alilia mbele ya kamera. Mama Kipenga alipewa kombe, akalibusu kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akasikia ubaridi wa bati kwenye midomo, na hakusikia kitu kingine. Usiku ule alilala vizuri tu. Kesho yake alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akasuuza kikombe. Ndipo alipoona kwamba mkebe alioufungua ni wa chumvi. Akaufunga.

Ganzi ile haikuondoka. Dada yake alimpigia simu kumpa habari kwamba shangazi yao amelazwa. Akasema "pole" kwa sauti ya karani wa benki, mpaka dada akauliza kama amekosea namba. Wachezaji walifanya mazoezi, yeye alipuliza kipenga panapotakiwa. Alikwenda hospitali mara mbili, akasimama mlangoni na matunda, akauliza daktari amesemaje. Daktari alisema kano zimekatika, goti litatembea, mpira basi.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha ikaja orodha ya ufadhili.

Msaidizi wake aliiweka mezani Jumatatu asubuhi, na juu yake fomu ya kuumia ya Sindano iliyokuwa bado haijajazwa. "Kocha, hizi zinatakiwa Ijumaa. Mjomba wa yule mshambuliaji mpya kanipigia tena. Anataka kujua nafasi ipo au haipo."

"Nafasi ishirini, na wachezaji ishirini wapo."

"Kumi na tisa. Sindano hachezi tena." Msaidizi alishusha sauti. "Kocha, hata mimi inaniuma. Lakini timu si hospitali. Si maneno yako hayo?"

Yalikuwa maneno yake. Aliwahi kuwakata watano kwa maneno hayo hayo, kila mmoja akimwambia mwenyewe uso kwa uso, bila kumtuma mtu.

Fomu ilikuwa na kurasa mbili na swali moja la maana: ameumiaje? Utaratibu wa chuo ulikuwa wazi, na Mama Kipenga aliujua kwa sababu alikuwa kwenye kamati iliyoutunga. Mchezaji akiumia kwa ajali ya mchezo, ufadhili wake unakwisha muhula ukiisha. Akiumia kwa kosa la mtumishi wa chuo, chuo kinambeba mpaka ahitimu, nje ya zile nafasi ishirini. Na mtumishi huyo anaondoka. Katika miaka yote hiyo kila kocha wa kila mchezo alikuwa ameandika neno moja tu hapo: ajali. Nani atajipalia makaa?

Akachukua kalamu, akaandika "aja", akaiacha.

Jumatano alikwenda kwa Sindano. Chumba kimoja, kitanda kimesogezwa dirishani, magongo mawili yameegemezwa ukutani, madaftari ya chuo yamepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Bibi alimpa kigoda.

"Karibu, mwalimu. Kaa, kaa. Mjukuu wangu huyu amekuwa mtu mzima kuliko mimi siku hizi, sasa mimi ndiye ninayetumwa. Bibi maji! Bibi kalamu! Nimekuwa mchezaji wa akiba." Akacheka peke yake, akatoka nje kuanua nguo.

Sindano alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto. "Kocha, umekuja kuniambia habari ya ufadhili."

"Ndiyo."

"Najua. Nilikuwa nakusubiri, maana wengine uliwaambia mwenyewe." Akavuta shuka. "Sikulaumu. Kosa ni langu. Ningenyoosha mikono mapema. Nilinyoosha mara moja tu, tena haraka haraka, ukawa unaangalia saa. Ningekuita."

Mama Kipenga alisikiliza. Alijua kwamba hapo ndipo mtu mwingine angesikia kisu; naye akasubiri kisu, hakikuja. Kilichokuja ni hesabu ile ile, dakika tisa, badiliko moja.

"Nilikuona," akasema.

"Eh?"

"Nilikuona ukinyoosha. Yote miwili. Nikaangalia saa ili nisikuone. Nilitaka kombe."

Nje bibi alikuwa anakung'uta nguo, pa, pa, kuzitoa vumbi. Sindano aliachia shuka. Usidhani alipiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza somo.

"Kila usiku nanyoosha mikono hapa kitandani. Najipima. Nasema labda haikupanda vizuri. Labda mmoja ulikuwa chini kidogo, ukadhani ni mkono mmoja. Nimemuuliza bibi, bibi, nikifanya hivi unaona miwili au mmoja? Bibi anasema anaona miwili. Nikasema bibi ananibembeleza."

"Haikuwa na kosa. Ilipanda."

"Kocha, ondoka."

Alinyanyuka. Mlangoni bibi alimzuia, ana nguo begani, anamwuliza mbona hata maji hajanywa, anamshukuru kwa kuja, na kwamba wengine wakishashinda humsahau aliyewashindia. Mama Kipenga akasema asante, bibi, nitapita tena, na wote wawili walioijua kweli wakamwacha bibi ashukuru.

Ijumaa saa nne alifuta "aja" kwa mstari mmoja na juu yake akaandika: *Aliomba kutoka dakika ya 81, kwa ishara ya timu. Nilimwona. Sikumtoa.* Akatia saini. Ungedhani anaagiza sabuni. Kwenye orodha ya ufadhili akajaza nafasi ya ishirini kwa jina la mshambuliaji mpya. Alimpa msaidizi karatasi zote apeleke. Msaidizi alisoma amesimama, kisha akakaa.

"Kocha, umerukwa na akili? Hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe sikuona!"

"Mimi niliona."

"Miaka ishirini na miwili, Kocha! Hawa wasichana wote, mimi mmoja wao, tulinyoosha mikono kwa sababu yako. Ukiandika hivi, kesho nani atainyoosha?"

Hilo lilikuwa swali la haki. "Utawafundisha wewe," akasema. "Wakinyoosha, watoe."

Kamati ilikaa siku mbili. Mkuu wa chuo alimwomba abadilishe maneno, akambembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Eti aandike "huenda". Alikataa. Zikatolewa barua mbili kwa siku moja: moja ya Sindano, kwamba atasoma mpaka mwisho kwa gharama ya chuo, moja yake yeye, kwamba anashukuriwa kwa utumishi uliotukuka na aondoe vitu vyake kabla ya Jumatatu. Hakuomboleza. Alifungasha kama anayefungasha vya mtu mwingine. Makombe aliyaacha, ni mali ya chuo. Vitabu vyake vya hisabati, koti la mvua, viatu vya mazoezi, vyote vikaenea kwenye boksi moja, akashangaa kidogo kwamba ni boksi moja.

Alikuwa anatoka nalo kwenye ujia wa madarasa pale alipomwona Sindano anakuja. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi darasani. Alikuwa kwenye magongo, anaruka taratibu, wenzake wawili pembeni, mmoja kambebea mkoba. Ujia ulikuwa mwembamba. Mama Kipenga akajibana ukutani na boksi lake ili magongo yapite.

"Habari za asubuhi, Kocha," wakasema wale wawili, wakimtazama kwa aibu.

Sindano alifika sawa naye. Alikuwa karibu kiasi kwamba kocha alisikia anavyohema. Macho yake yakapita juu ya uso wa Mama Kipenga, yakapita juu ya boksi, yakaenda mbele kwenye mlango wa darasa, bila hata kukunja uso. Magongo yakagonga sakafu, tak, tak, akapita, akaingia.

Ikamuuma. Mama Kipenga alisimama pale na boksi, akashindwa kuelewa kwanza ni kitu gani, maana ilikuwa zaidi ya miezi mitatu hajasikia kitu. Ikawa kubwa kuliko yeye. Akaliweka boksi chini, akakaa kwenye ngazi za mlango wa watu, mwanamke mzima na mvi zake, akalia kwa sauti, kilio chenye kamasi. Karani wa ofisi ya jirani akatoka mbio akamshika bega, akamwuliza kama ameanguka.

"Sijaanguka," akasema Mama Kipenga. "Niache nilie."