Ng'ombe wa Mwaitu na Mkopo Wangu Mmoja

Sijaisahau siku niliyojificha nyuma ya magunia ya ndengu katika soko la Tawa, mwanangu. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, fundi wa nguo anayejulikana, nami nimechuchumaa pale kama kuku anayetaga kwa sababu nilimwona shailoki, mkopeshaji wa riba kali, akija upande wangu. Mwenye magunia, mama mmoja mcheshi, alinitupia leso yake nijifunike. Shailoki alipofika akamwuliza, "Fundi ako wapi?" Naye akajibu bila haya, "Ameenda mjini Wote." Waliokuwa karibu walicheka mpaka wakapangusa machozi. Mimi pia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Nakuambia haya, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu umeniuliza swali, na umeliuliza ukiwa umeinamisha kichwa. Una mikopo minne ya simu na deni la rafiki yako, na sasa umeambiwa kuna mahali watakupa mkopo mmoja mkubwa uwalipe hao wote, ubaki na deni moja. Unataka kujua kama ni busara. Kwanza inua kichwa. Kudaiwa si wizi. Swali lako nimewahi kulijibu mwenyewe nikiwa na miaka thelathini na miwili, na nililijibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa nadaiwa na watu watano. Bwana Yusuf, mwenye duka la vitambaa Kitui, ambaye wazazi wake walitoka Pwani, alinipa vitambaa vya sare za shule kwa mkopo. Shule zikifunguliwa nauza, nampelekea pesa zake, na hakuwahi kuniongezea hata shilingi moja. Ndugu yangu Kyalo alinisaidia mtoto wangu alipolazwa hospitali. Chama chetu cha akina mama kilinikopesha kwa riba ndogo, na hiyo riba tuligawana wenyewe mwisho wa mwaka. Mwenye kibanda alinidai kodi ya miezi miwili. Wa tano ndiye huyo shailoki. Nilichukua kwake shilingi elfu kumi tu, naye kila mwezi alitaka elfu mbili juu, na zile elfu kumi zikabaki palepale.

Ukisikia hivyo unajua mara moja ni nani aliyekuwa akinila. Mimi sikuona. Niliona nyuso tano. Nilichoka kubadilisha njia za kwenda sokoni, nilichoka kusalimiwa na kuhisi kwamba salamu ina jambo nyuma yake. Hata Kyalo akinipigia kunijulia hali, nilijibu nikiwa na wasiwasi, na maskini hakuwa na neno.

Basi akaja kijana wa kampuni fulani ya mikopo iliyokuwa na ofisi Emali, shati limepigwa pasi, maneno matamu. "Madam, hii kitu ni simple," aliniambia. "Unalipa hao wote, unabaki na sisi pekee yake. Stress inaisha. Security, ata ng'ombe tunakubali." Simlaumu. Yote yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi niliisaini mimi, kwa kalamu yangu, nikiwa sijaisoma ukurasa wa pili.

Nyumbani kulikuwa na maksai wawili wa kulimia. Walikuwa mali ya mama mkwe wangu, ambaye tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa, na ng'ombe walilala katika boma letu, kwa hivyo haikuwa vigumu kuandika kwamba ni wangu na kuwaweka dhamana. Nilijiambia sitaki kumsumbua mzee wa watu na mambo ya karatasi. Ukweli ni kwamba niliogopa angekataa.

Nilipata elfu themanini, za kulipa kwa miaka miwili. Watu wanne wa karibu niliwalipa siku hiyohiyo. Kisha nikavaa rinda langu la kanisani, nikafunga safari hadi Kitui, nikazihesabu pesa mbele ya Bwana Yusuf kwa maringo, noti moja baada ya nyingine.

"Umezipata wapi hizi, Mama Mutua?" aliniuliza. "Msimu haujafika."

"Nimechukua loan moja, nimemaliza madeni zote. Sasa sitakusumbua tena, Bwana Yusuf."

"Nani kakwambia wanisumbua?" Alivua miwani. "Pesa yangu haikuwa na haraka, wala haikuwa ikizaa riba. Umekwenda kuchukua inayozaa ili uje unilipe mimi? Ungemlipa yule anayekuumiza, sisi wengine ukatuambia tungoje. Tungengoja." Kisha akauliza hao wapya wanataka kulipwa lini.

"Kila mwezi," nikasema.

"Nawe wapata pesa kila mwezi?"

Nilijifanya sikusikia, nikaaga. Alikuwa amenigusa mahali penyewe, mwanangu, na mtu akiguswa hapo huwa na haraka ya kuondoka.

Fundi wa sare hupata pesa shule zinapofunguliwa: Januari, Mei na Septemba. Miezi mingine ni kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Bwana Yusuf na Kyalo walilijua hilo, ndiyo maana walidai kwa msimu. Mkopo wangu mpya haukujua msimu. Ulitaka elfu nne na mia tano kila mwezi, mvua au jua, na ukipiga hesabu mpaka mwisho, ningelipa zaidi ya laki moja. Sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa ya watu ambao hawakuwa wakitaka hata senti ya ziada. Nilikuwa nimechukua madeni yaliyolala, nikayaamsha yote.

Mei nililipa vizuri. Juni na Julai nilibana. Septemba ilipokaribia nilihitaji vitambaa, na baada ya yale maringo sikuwa na uso wa kurudi kwa Bwana Yusuf. Nilinunua kwa pesa taslimu niliyokuwa nayo, mita chache tu, na shule mbili zikampa kazi fundi mwingine. Nikakosa kulipa mwezi mmoja. Nikakosa wa pili.

Walikuja Oktoba, wiki ambayo kila mtu anatazama mawingu. Mwaitu alikuwa ameshatoa plau nje, na mbegu za mahindi na kunde ziko tayari kwenye debe. Alipoona wanaume wawili wenye karatasi na lori dogo limesimama barabarani, alidhani ni watu wa chanjo. Akafurahi. Aliwafungua ng'ombe mwenyewe, akashika kamba, akawaongoza mpaka kwenye lori huku akiwaambia wale wanaume, "Huyu ni muoga, mumushike pole pole." Mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama.

Mlango wa lori ulipofungwa alinigeukia. "Sindano wanadungia hukohuko juu?"

Ndipo nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kando ya plau, akavuta leso akafuta uso. Baadaye akaniita mwanangu kwa Kikamba, akasema, "Mbona hukuniuliza, mwana wakwa? Ungeniuliza ningekataa, halafu tungekaa chini tufikirie ingine. Niko na mbuzi. Niko na mdomo wa kuongea na huyo shailoki. Sasa wewe ulibeba hiyo yote peke yako, na mimi niko hapa?"

Mvua ilinyesha siku ya nne. Tulilima kwa jembe, mimi na yeye, tukapata kupanda robo ya shamba. Alikuwa amepita miaka sitini. Kila aliponyoosha mgongo alinitazama akatabasamu ili nisijisikie vibaya, na ningeona afadhali anitukane.

Ng'ombe walipouzwa, deni lilipungua lakini halikuisha. Nililimaliza polepole. Kwa Bwana Yusuf nilirudi Januari nikiwa natazama chini, naye akanipimia kitambaa bila kunisimanga. Maksai wengine nilikuja kununua baada ya miaka mitano. Mwaitu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Watu huniambia angalau nilipata funzo. Mimi ningependa nibaki mjinga, lakini yeye awaone wale ng'ombe.

Sasa nikujibu. Kukusanya madeni si ubaya, mwanangu, na wala sitakukataza. Ile mikopo yako minne ya simu yote ni jamii ya shailoki. Ukipata mkopo mmoja wenye riba ya chini ukaizima yote, utapumua. Ila usiulize tu utalipa ngapi kwa mwezi. Uliza mpaka siku ya mwisho utakuwa umetoa shilingi ngapi, waiandike, kisha ulinganishe na unayodaiwa leo. Malipo ya mwezi yanaweza kuwa madogo na deni likawa kubwa kuliko lile ulilolikimbia.

Deni la rafiki yako usilitie humo. Nenda kwake, mtazame usoni, mwambie utamlipa lini. Ataguna, lakini hakuongezei kitu. Tena wewe unauza maembe, na maembe yana miezi yake. Ukikuta watu wasiokubali kulipwa kwa msimu, achana nao utafute wengine, hata kama ofisi yao ina viti vizuri. Na ukishalipa mikopo ya simu, futa programu zake palepale, maana zitakutumia ujumbe siku hiyohiyo kukuambia sasa unastahili kukopa zaidi. Wengi huishia hapo, wana mkopo mkubwa na midogo imerudi.

La mwisho ndilo lililonifanya nikukalishe hapa. Pikipiki unayotaka kuweka dhamana imeandikwa jina lako, najua. Lakini najua pia ni nani aliyeuza mbuzi wake sita ndipo ikanunuliwa. Mwambie mama yako kabla hujasaini. Atakasirika. Mwache akasirike, kisha kaeni chini mfikirie pamoja.

Mungu akupe wateja wenye kulipa na wadai wenye kungoja. Akulainishie ulimi wakati wa kusema nimekwama. Na huyo mama yako akuwekee siku nyingi, umlipe akiwa anaona.