Udi wa Nyumba Yetu

Niliporudi Bagamoyo baada ya kuhitimu kwa sheikh wangu Unguja, nilimkuta ami, ndugu wa baba yangu, ameshaniwekea karatasi na wino. Binti yake alikuwa anaolewa, na upande wa mume ulikuwa ukijisifia asili yake. Ami alitaka nasaba yetu iandikwe, baba kwa baba mpaka Omani, isomwe siku ya nikahi. Aliniuliza nimesomeshwa kwa kazi gani kama si hiyo.

Sikuandika. Mwanzoni ilikuwa woga. Kila jina nililiwaza: ni la kweli, au mtu alilipachika? Na nikiandika uongo kwa hati nzuri, nitajibu nini kesho akhera? Halafu nikagundua jambo lililoniudhi zaidi. Udi wa nyumba yetu ulikuwa unapotea.

Kila nyumba ya hapa ina udi wake. Wanawake huupika kwa sukari, marashi na miski, na bibi harusi hutoka kwao akiwa amefukizwa huo. Wetu, mama yangu alifundishwa na mama mkwe wake, mama yake ami, ambaye sasa ni marehemu. Lakini homa ya masika ilimwondolea mama uwezo wa kunusa. Mikono yake ilikumbuka kazi yote, ila miski na marashi alikuwa akivipima kwa pua. Mama hakujaliwa binti wa kumrithisha. Alikuwa nami tu, mwanawe wa kiume, niliyekua nikilala kwenye mikunjo ya nguo zake.

Ami akasema udi utanunuliwa dukani. Nikasema hapana.

Nikaingia jikoni. Wanawake walicheka, na mmoja akaniuliza kama nitasuka na nywele. Mama alikoroga, mimi nikanusa. Chungu cha kwanza nilikiharibu mwenyewe: niliwaza mno kama ninachokumbuka ni udi au ni utoto wangu tu, sukari ikaungua, harufu ikafika mpaka ghalani kwenye sandarusi, ile gundi ya miti anayoiuza ami. Akaja mlangoni.

"Mwanachuoni wa mwiko," alisema. "Karatasi inakungoja."

"Iningoje, ami."

Mama aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka.

Chungu kilichofuata kilinukia vizuri kuliko udi wetu wenyewe, nami nikakikataa. Wanawake wakasema nina kiburi, hakuna atakayejua. Nikawaambia mimi nitajua. Tukaanza upya, tukapunguza marashi, tukaongeza miski kidogo. Nilipoweka kipande juu ya kaa la chetezo, kile chombo cha kufukizia, nilifumba macho nikavuta harufu. Mama hakuutazama moshi, alinitazama mimi usoni.

"Ndio wenyewe," akasema.

Ami alikuwa akipita ukumbini. Akasimama.

"Nani kafungua sanduku la nguo za marehemu mama yangu?"

Hakuna aliyekuwa amelifungua. Kisha akauona moshi mwenyewe. Akaja, akasimama juu ya chetezo, kanzu ikajaa moshi kama ya mtu anayejiandaa kwenda msikitini. Baada ya muda akakohoa, akanikumbusha kwamba nasaba bado haijaandikwa.

"Sitaiandika, ami. Tafuta mwandishi mwingine. Mimi kesho namfundisha binti yako kupika huu, kabla hajatoka hapa."

Ami hakuondoka kwenye moshi.