Mpima Vichwa wa Wawi na Inchi Alizozificha

Saa nne kasorobo asubuhi, uani kwa Bi Fakhriya kijijini Pujini, Bi Mwatum binti Silima amepiga magoti kwenye jamvi na kumshika mtoto wa miezi mitano. Anapitisha futi ya fundi cherehani juu ya nyusi, juu ya masikio, anaizungusha mpaka kisogoni palipotokeza zaidi, kisha anaibana kwa kidole gumba. Mtoto anamkojolea. Bi Mwatum hatikisiki.

"Inchi kumi na sita na nusu," anasema kwa sauti.

Mama wa mtoto anashtuka na kutazama mlangoni, kama kuna mtu kasikia. "Leo kuna nini, Bi Mwatum? Miezi miwili nyuma si ulisema kumi na nne na nusu? Huyu ntoto kawa jitu?"

"Hakuwa jitu. Mie ndo nilokuwa muongo," anajibu Bi Mwatum, na anaandika kwa tarakimu za Kiarabu katika daftari la jalada la buluu.

Bi Fakhriya anamchukua mwanawe, anamfunika kichwa kwa kanga na kuingia ndani. Zamani Bi Mwatum hakuondoka nyumba hii bila kikombe cha chai na kipande cha mkate wa kumimina. Leo anakunja futi yake, anavaa ndara na kushika njia. Hii ni nyumba ya nne tangu asubuhi, na katika zote nne hakuna aliyemwambia karibu tena.

Bi Mwatum ana miaka arobaini na saba. Ni mjane, mumewe alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa siku ya tatu. Ujana wake wote alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wanaokimbia katika vichochoro vya Wawi alipata kuwapokea yeye. Mwaka 1958 Dakta Himid Nasor, aliyerudi masomoni ng'ambo na kufungua chumba chake cha utafiti Chake Chake, alimwomba amfanyie kazi moja tu: kila mwezi apime vichwa vya watoto wachanga, kuanzia Wawi mpaka Pujini, na kuandika. Ujira ni shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Daftarini mwake mna watoto mia na themanini na sita.

Anachokitafuta daktari si kitu rahisi kukieleza, na wengi wamekwishamcheka. Mwenyewe alimweleza mwandishi huyu akiwa ameketi mbele ya meza iliyojaa madaftari.

"Mguu wa matende naujua," alisema. "Mwilini mwetu, mbali na mishipa ya damu, mna mishipa mingine myembamba inayorudisha maji. Sisi tunaiita limfu. Ikiziba, maji yanakaa na mguu unavimba. Sasa niambie, ubongo nao? Vitabu nilivyosomeshwa vinasema hauna mishipa hiyo. Basi maji yake yanakwenda wapi? Na kwa mtoto, ambaye ubongo wake unakua kila siku, njia ya maji ikiziba inakuwaje? Siwezi kufungua kichwa cha mtoto mzima nikachungulia. Nilichonacho ni futi, na mtu wa kuishika."

Mtu huyo alimchagua vizuri. Mwanamume, hata awe daktari, asingeruhusiwa kuingia katika nyumba zenye wanawake waliomo arubaini ya uzazi. Muuguzi kutoka mjini asingeaminiwa. Bi Mwatum aliingia kila nyumba.

Lakini hata yeye alikuta kikwazo. Hapa Pemba mtoto hasifiwi. Akiwa mnono huambiwa kakonda. Akiwa mzuri, wageni humwita kibaya hiki, na mama hufurahi. Kusema mbele za watu kwamba mtoto anakua vyema ni kumwita hasidi aje na jicho lake. Na kumpima kwa futi ni kubaya zaidi, kwa sababu anayepimwa mwili akiwa amelala ni yule anayekatiwa sanda.

"Siku ya kwanza nilifukuzwa nyumba tatu," anakumbuka Bi Mwatum. "Ya nne nkasema, nampima kichwa tu, simpimi mwili. Wakanikubalia. Lakini nkitamka hisabu, mama anatetemeka. Basi nkawa napunguza. Kidole kimoja. Futi ikisema kumi na sita, mie nasema kumi na tano. Mama anacheka, anasema alhamdulillahi, mwanangu mdogo. Chai inakuja."

Kwa nini basi hakuandika hisabu ya kweli daftarini, akaacha ile ndogo iishie mdomoni? Swali hilo alipoulizwa, Bi Mwatum alivutavuta ncha ya mtandio wake.

"Kinywa kiseme hivi na mkono uandike vile?" alisema hatimaye. "Huo si ndo uwongo? Mie nliona kupunguza ni hishima, na kuandika nlichokisema ni ukweli. Ndivyo nlivyoona. Wallahi ndivyo."

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Dakta Himid alikuwa akipokea kurasa, akachora mistari yake na kustaajabu kwamba watoto wa Pemba wana vichwa vidogo kuliko vya kwingineko. Alikuwa ameshaanza kuandika barua kwa wataalamu wenzake.

Kisha akazaliwa Time.

Time ni mtoto wa Mwanamize, binti pekee wa Bi Mwatum, anayeishi naye nyumba moja Wawi. Mwanamize alishaharibu mimba mbili kabla ya huyu. Bibi alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, akamwita kibaya hiki kila asubuhi, na mwezi ulipotimia akampima kama alivyowapima wengine.

Mwezi wa tatu futi ilisema kumi na saba. Wa nne, kumi na nane. Mkunga wa miaka ishirini na tano alijua kwamba hiyo si kawaida. Utosi wa mtoto ulikuwa umejaa, na mishipa ya panja imetokeza. Alijua, na bado akapunguza. Si kidole kimoja. Alipunguza viwili.

"Watoto wa watu kidole kimoja, wangu viwili," anasema. "Nliogopa jicho. Nkasema, akikua zaidi ya wenziwe watu watamsema. Nkamfunga kofia. Mamake akiniuliza, namwambia kazuri tu, kichwa cha babuye."

Daktari husoma kurasa kila mwisho wa mwezi, lakini watoto wenyewe huwaona mara chache. Katika kurasa Time alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Ni mwezi wa saba ndipo Dakta Himid alipopita Wawi kwa shughuli nyingine, akamwona Time amepakatwa barazani, macho yakimwangukia chini na weupe ukionekana juu ya mboni. Daktari hakukaa kitako. Aliomba futi palepale. Daftari lilisema kumi na nane na nusu. Futi ilisema ishirini na nusu.

Bi Mwatum alimwambia yote siku hiyohiyo, mbele ya Mwanamize. Tangu hapo hakupima nyumba za watu mpaka leo asubuhi.

"Sikumgombeza," anasema daktari. "Nilimuuliza jambo moja tu. Kama aliwapunguzia wote kidole kilekile, ningeongeza kidole katika kila ukurasa na kazi ingepona. Akaniambia la, wengine kidole, wengine nusu, na aliowapenda zaidi ndio aliowapunguzia zaidi. Basi. Miaka miwili imekwenda. Lakini kazi nitaianza upya. Mtoto ndiye anayeniumiza roho. Mwezi wa nne pangekuwa na la kufanya."

La kufanya ni upasuaji wa kupitisha mpira mwembamba unaotoa maji kichwani na kuyapeleka kwingine mwilini. Visiwani hakuna anayeufanya. Mpasuaji mmoja kutoka bara anatarajiwa Unguja wiki ijayo, atakaa siku kumi, na ameandika masharti: hataki kuletewa mtoto ambaye kichwa chake kimefika inchi ishirini na mbili, kwa kuwa anaona huyo hatofaidika. Meli inaondoka bandari ya Wesha Alhamisi. Dakta Himid anatakiwa apeleke hisabu kwa simu ya maandishi leo, Jumanne, kabla ya saa kumi. Kazi ya kupima ameiacha kwa Bi Mwatum. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu kwamba hapana mtu Pemba nzima atakayepima kwa makini zaidi kuanzia sasa.

Adhuhuri imepita Bi Mwatum anapofika nyumbani kwake. Mwanamize yuko ukumbini, Time kamlaza mapajani. Kwa miezi miwili mama na binti wamekuwa hawazungumzi ila la lazima. Wanapika chungu kimoja na kula mbalimbali. Inasikitisha kuwatazama, maana walikuwa watu wa vicheko, majirani wanasema.

Time ana miezi tisa. Hajakaa. Kichwa hakiinui, lakini akisikia sauti ya bibi yake hutingisha miguu yote miwili, na leo anaitingisha.

Bi Mwatum ananawa mikono, anapiga magoti. Futi inapita juu ya nyusi, juu ya masikio. Anaibana. Anaitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama huko Pujini.

"Ishirini na mbili na robo," anasema.

Mwanamize hamtazami. "Mpime tena."

Anapima tena. Anainua nywele laini za kisogoni zisije zikaongeza hata uzi. "Ishirini na mbili na robo."

"Robo, mama. Robo tu." Sasa Mwanamize anamtazama. "Huyo mpasuaji hayupo hapa. Nani atamwambia? Kwa watu wote ulipunguza. Leo ndo huwezi?"

Bi Mwatum anafungua daftari na kushika kalamu. Mwandishi huyu anakiri kwamba wakati ule naye alitamani Bi Mwatum aandike ishirini na moja.

Anaandika ishirini na mbili na robo. Anapuliza wino ukauke, anachana karatasi na kumpa Jecha, mpwa wake mwenye baiskeli, aiwahishe Chake Chake.

Mwanamize anaanza kulia, wala hajifichi.

"Sikiliza, mwanangu," anasema Bi Mwatum, na ni mara ya kwanza kwa siku hiyo anamwita hivyo. "Nkipunguza, itapokelewa karatasi, si yeye. Atalazwa mezani kwa hisabu ya uwongo, na kisu kitaingia kwa hisabu ya uwongo. Mie nshamuua mara moja kwa mapenzi. Sirudii."

Anamchukua Time, anamvua ile kofia ya kusuka aliyomfunga tangu mwezi wa nne, na kuiweka kando. Kichwa chote kinaonekana, kikubwa, kinang'aa, na mishipa yake ya buluu. Kisha anatoka naye barazani, mchana kweupe, mahali ambapo wanawake wa Wawi wanapita na ndoo zao za maji. Wawili wanasimama. Mmoja anaweka mkono mdomoni.

"Anaitwa Time," Bi Mwatum anawaambia. "Kichwa chake kina inchi ishirini na mbili na robo. Muombeeni."

Akimaliza ya mjukuu, anasema, atazimaliza nyumba za watoto wote mia na themanini na sita, akubaliwe asikubaliwe, na kwa kila mama atatamka hisabu ile ile iliyomo kwenye futi. Lakini kwanza Alhamisi. Nguo za safari amekwishazikunja, na nafasi tatu melini ameshaomba, ya tatu ni ya Mwanamize akitaka kuja.

Anaulizwa kuna faida gani kwenda, na sharti la mpasuaji analijua.

"Karatasi wameshaipata, na karatasi ni rahisi kuikataa," anasema Bi Mwatum, akimpangusa Time mate kwa ncha ya kanga. "Ntakwenda naye mpaka mlangoni. Wakimkataa, wamkatae wakimwona."